Nani Aliyebonyeza Namba Saba

Berea, Johannesburg
3 Oktoba 2016

Kwa Dokta Moraa,

Nakusalimu. Mimi ni Agnès, mke wa Lambert Kalenga aliyekuwa akikutengenezea vioo vya hadubini. Ninaandika kwa mkono kwa sababu nikizungumza na wewe kwa simu nitalia, na nikilia maneno yananipotea. Barua hii anakuletea Pitchou, askari wa lango lenu, aliyekuwa akifanya zamu na Lambert kabla hujamtoa mume wangu langoni na kumpeleka maabara.

Kwanza asante kwa kuja matanga mwezi wa sita. Uliketi na sisi kwenye godoro, ukala bukari, ugali wetu, kwa mkono, akina mama wakakusifu. Ulipoomba kuliona daftari la Lambert nilikupa bila kuuliza, maana kwetu mjane hamnyimi kitu mtu aliyekuja kumlilia mumewe. Ulilipiga picha kwa simu pale kitandani, ukurasa kwa ukurasa, waombolezaji wakiimba. Ulipofika kurasa za nyuma ukakuta vipimo vyangu vya nguo za wateja, kiuno, bega, urefu wa sketi. Ukacheka kidogo, ukalifunga.

Sasa Pitchou ananiambia kazi imechapishwa, na imebandikwa kwenye korido yenu, karatasi kubwa ya rangi. Ameiona michoro ya Lambert. Anaijua, kwa sababu Lambert alichora viini vya seli kwa kalamu ya bluu na kuweka nukta katikati, kama jicho la samaki. Jina la Lambert amelitafuta, hakuliona. Nikamwambia labda hakusoma vizuri. Akanijibu, "Yaya Agnès, dada yangu, mimi nasoma majina ya watu kila siku pale mlangoni. Ndiyo kazi yangu."

Ninaomba jambo moja. Jina lake liandikwe pamoja na lako. Hata chini, hata kwa herufi ndogo.

Lambert pia aliniachia neno la kukuambia kuhusu kazi hiyo. Alikupigia simu mara mbili siku zake za mwisho, hukupokea. Njoo nyumbani unywe chai, nikupe neno hilo. Aliniagiza nikuambie mimi mwenyewe.

Ni mimi,
Agnès Mujinga


Johannesburg
20 Oktoba 2016

Mpendwa Mama Agnès,

Pole tena kwa msiba. Marehemu Lambert alikuwa msaidizi mwaminifu, na sitasahau utulivu wa mikono yake.

Kuhusu jina, naomba unielewe. Makala ya kisayansi huandikwa kwa jina la mwenye wazo. Swali lilikuwa langu: je, ukubwa wa jenomu, yaani jumla ya DNA iliyomo katika seli, ndio unaoamua ukubwa wa kiini chake? Tulipima mimea kumi. Tisa ilifuata kanuni: DNA nyingi, kiini kikubwa. Mmoja, tuliouita namba saba, umeivunja kanuni hiyo: DNA kidogo, kiini kikubwa ajabu. Huo mmoja ndio uliotupa nafasi katika jarida. Kuliona jambo kama hilo na kujua maana yake ni kazi ya mtafiti, si ya aliyeshika kioo. Nikiwaandika wasaidizi wote, itabidi nimwandike na dereva.

Kuja Berea kwa sasa sitaweza, nina safari na mikutano. Kuhusu neno alilokuachia, nadhani ni salamu. Basi nimezipokea.

Tafadhali usimtumie Pitchou tena. Si kazi ya askari kukagua kuta zetu, na nimelazimika kuzungumza na mkubwa wake. Kwa sasa amepelekwa lango la nyuma, kwenye maegesho.

Wako katika majonzi,
Dkt. Moraa


Berea
6 Novemba 2016

Yaya Angélique,

Barua hii anakuletea Mamie, anayepanda basi la Lubumbashi pale Park Station Jumanne na mizigo yake ya mashuka. Nimemwomba aikalie, maana Kasumbalesa mpakani wanafungua kila kitu.

Uliniuliza kwenye simu kwa nini nimenyamaza. Nina hasira, yaya. Sikuzoea, sijui inawekwa wapi. Nimekuwekea barua ya yule Dokta uisome mwenyewe, hasa pale kwenye dereva na pale kwenye salamu.

Nikueleze kazi yenyewe jinsi Lambert alivyonieleza kwenye meza yangu ya kushonea. Alikata uzi mfupi akaukunja ukawa donge dogo, akakata mrefu akaukunja ukawa donge kubwa. Akasema ndani ya kila seli kuna kiini, na ndani ya kiini kuna uzi wa urithi tunaoachiwa na wazazi. Uzi mrefu, kiini kikubwa. Uzi mfupi, kiini kidogo. Haijalishi kiumbe mwenyewe ana umbo gani. Kitunguu kina uzi mrefu mara tano kuliko wetu sisi watu. Nikamwambia ndiyo maana kinatutoa machozi. Alicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Mimea alinunua kwa wale mama wauza dawa za mizizi pale soko la Faraday, akaiotesha juu ya chupa za jemu dirishani kwetu. Mashine ya chuo ilipima uzi. Kazi ya Lambert ilikuwa kupima kiini. Alikata ncha ya mzizi, akaipaka rangi, akaifunika kwa kioo chembamba, kisha karatasi, halafu akabonyeza kwa dole gumba, kama tunavyowekwa alama za vidole kwenye ofisi ya wakimbizi. Mwisho alizungusha ukingo kwa rangi yangu ya kucha, ile nyekundu, isikauke upesi. Siri ipo kwenye kubonyeza. Ukizidisha, kiini kinalala kama chapati na kuonekana kipana kuliko kilivyo. Kila kioo lazima kibonyezwe kwa nguvu ile ile, na nguvu hiyo ilikuwa kwenye dole gumba la Lambert.

Mizizi ya namba saba ilichelewa kuota. Ilipokuwa tayari, mwezi wa tano, figo zilikuwa zimemvimbisha mikono, hawezi hata kufunga kifungo cha shati. Dokta alikuwa amemruhusu kuleta nyumbani hadubini ya zamani. Nikamwambia mimi nitabonyeza. Nikaogopa kuvunja kioo kwa kidole, nikachukua pasi yangu ya kazi, ile nzito, ikiwa baridi, nikaiweka juu ya kila kioo nikihesabu mpaka kumi. Vioo arobaini. Sikumwambia, niliona ni jambo dogo.

Alipopima alishangaa. Akampigia Dokta simu siku hiyo hiyo kwamba namba saba imevunja kanuni, na siku hiyo Dokta alipokea. Baada ya siku tatu akaniuliza nilibonyezaje. Nikamwonyesha pasi. Yaya, ungemwona. "Agnès, umezipiga pasi seli. Umezinyoosha kama suruali ya harusi." Halafu akaacha kucheka. Akaniambia nilete daftari niandike, yeye hashiki kalamu. Niliandika kwa mkono wangu kwenye kurasa za nyuma, katikati ya vipimo vya gauni la Héritière na suti ya mchungaji: tarehe 31 Mei, namba saba ni batili, imebonyezwa kwa pasi, itupwe yote, tisa zinatosha. Akasema, "Nikishindwa kumpata Dokta, mwambie wewe." Alifariki siku tisa baadaye.

Neno ndilo hilo. Nilimwandalia chai ili nimpe. Ameniandikia kwamba amezipokea salamu.

Basi sitamwambia. Amesimama juu ya pasi yangu na hajui. Acha apande juu zaidi.

Mdogo wako,
Agnès


Lubumbashi
15 Januari 2017

Agnès mdogo wangu,

Mamie alifika, ni mimi niliyekawia kujibu, na barua ilikuwa imekunjamana kweli kama kitu kilichokaliwa siku nne.

Nimeisoma mara tatu. Wewe uliyekuwa ukimfunika kuku wa Noeli kwa blanketi mvua ikinyesha, leo unasema acha apande juu zaidi. Mama angekuwa hai angeuliza huyu ni mtoto wa nani.

Mwambie huyo mwanamke. Si kwa ajili yake, yeye hata akianguka kwenye mtaro mimi nitapita na kapu langu. Lakini Lambert hakukuambia umwambie akiwa na adabu. Alikuambia umwambie. Tena usisahau kwamba pasi ni yako. Ukimvuta yeye, kamba imepita kwanza kwenye mkono wako.

Ila kama umeshaamua, usiniombe nikuombee kwa jambo hilo. Kwa mengine yote napiga magoti. Kwa hilo nitabaki nimesimama.

Shemeji yako Placide anakusalimu, anauliza kama huko bado mnakula magwinya, yale maandazi, kwa chai.

Yaya wako,
Angélique


Johannesburg
14 Agosti 2018

Mama yangu mpendwa Agnès,

Siku nyingi. Natumaini u mzima na cherehani inazunguka. Mara nyingi nikipita karibu na madirisha ya maabara namkumbuka Lambert.

Nitasema wazi shida yangu. Namba saba imeleta maneno. Watafiti wawili wa ng'ambo wameotesha mmea ule ule na wamepata kiini kidogo tu, cha kawaida. Wanadai tulikosea. Vioo vyetu vimekwisha kukauka, havipimiki tena. Kamati ya chuo inayoshughulikia ombi langu la uprofesa inataka kuona daftari la asili. Picha za simu hazikubaliki.

Daftari hilo, kwa haki, ni la maabara. Lakini siji kwako na sheria, nakuja kama mwanao. Niambie siku yoyote, nitakuja Berea mwenyewe. Pia nimemwombea Pitchou arudishwe lango la mbele.

Wako mpendwa,
Moraa


Berea
2 Septemba 2018

Mwanangu Moraa,

Nimefurahi umenikumbuka. Pitchou ameshapata kazi kwingine, lakini nitamfikishia kwamba umemwombea.

Daftari lipo. Nimelifunga kwenye kitenge, liko kabatini pamoja na mashati yake mawili ambayo sijayatoa. Nisamehe ucheleweshaji, mimi kila nikilishika naanza kusoma, na mwandiko wake ulikuwa mdogo sana, unasomeka polepole. Kuna mahali ameandika "mvua, Agnès amechoma mihogo." Sijui hilo lilihusiana nini na viini vya seli.

Kabla sijalitoa nataka kuelewa, ili nisitoe kitu cha mume wangu bila kujua natoa nini. Wewe ni msomi, unieleze mimi niliyeishia kidato cha pili. Vioo vya namba saba alibonyeza nani, wapi, na wewe ulikuwa wapi? Unijibu kwa barua, siyo simu. Masikio yangu siku hizi hayashiki.

Lambert alikuwa akisema, Dokta Moraa hadanganyi, ila ana haraka. Nimelishikilia neno hilo miaka hii yote.

Ni mimi,
Agnès


Johannesburg
9 Oktoba 2018

Mama yangu Agnès,

Asante kwa moyo wako. Jibu ni rahisi, na ndilo nililoiandikia kamati wiki iliyopita na kutia saini: vioo vyote arobaini vya namba saba vilibonyezwa na marehemu Lambert, kwa dole gumba, ndani ya maabara, mwezi Mei 2016, mimi nikiwa nimesimama kando yake. Kwa hiyo hakuna shaka juu ya utaratibu. Kama kuna kosa la vipimo, ni la kibinadamu, na hakuna wa kumlaumu marehemu.

Nina habari njema pia. Nimelifikiria upya ombi lako la zamani, na nimeona ulikuwa na haki. Makala itafanyiwa marekebisho, na jina la Lambert Kalenga litaandikwa ndani yake, kama mtu aliyepima namba saba na kuwajibika kwa vipimo vyake. Nadhani hilo litakufariji. Kinachobaki ni daftari tu.

Mwanao,
Moraa


Lubumbashi
12 Desemba 2018

Agnès,

Nakala ya barua ya huyo Dokta imefika. Nimemsomea Placide kwa sauti, akaniambia rudia hapo pa kusimama kando yake. Mwezi wa tano mumeo alikuwa akivalishwa soksi na wewe.

Ameliona shimo mbele yake, sasa anamtanguliza marehemu apite kwanza. Jina ulilolililia miaka miwili anakupa leo, ameliweka mahali anapopakimbia yeye.

Niliyokuandikia mwaka jana nilimaanisha. Leo naandika jingine. Fanya unalotaka kufanya. Usichelewe tu, jina la mtu likishaandikwa kufutwa ni kazi.

Angélique


Berea
11 Machi 2019

Kwa Dokta Moraa,

Barua hii utaipata baada ya kuitwa na kamati, kwa hiyo mengine utakuwa umeshaambiwa. Nataka uyasikie kwangu vilevile, kwa mpangilio wangu.

Namba saba nilibonyeza mimi. Nilibonyeza nyumbani kwangu, mezani pa cherehani, kwa pasi ya kunyooshea nguo, kwa sababu mume wangu hakuwa na mikono tena. Wewe hukuwa umesimama kando. Kando alisimama binti wa jirani, Héritière, aliyekuja kujaribu gauni, na alinishikia karatasi. Vile viini havikuwa vikubwa. Vililazwa. Uzi wake ni mfupi na donge lake ni dogo, kama kanuni inavyotaka, na wale watu wa ng'ambo wamepima vizuri.

Lambert aligundua mwenyewe. Aliniandikisha ukurasa mzima. Uko kwenye daftari lile lile ulilopiga picha juu ya kitanda chake, nyuma, kwenye kurasa za vipimo vya nguo ulizozicheka. Ungefunua mara mbili zaidi ungeukuta. Akaniagiza nikuambie usitumie namba saba. Nilikuandikia kwamba nina neno lake. Ukaniambia umelipokea.

Sikukuambia tena. Sitaki kusema nilisahau, au kwamba niliogopa. Nilisubiri. Kila Pitchou aliposikia umepewa tuzo, umealikwa mahali, umepigwa picha, alikuja kuniambia akifikiri nitaumia, nami nilimwekea chakula. Nilikuwa nikishona huku nasema, bado. Nilipokuuliza nani alibonyeza, nilikuwa nakupa nafasi, na nilikuwa naomba Mungu usiichukue. Hukuichukua. Uliandika na kutia saini. Nimeipeleka barua yako pamoja na daftari.

Nimewaandikia pia kwamba jina la mume wangu lisiwekwe kwenye namba saba. Aliikataa kwa kinywa chake akiwa hai. Niliwahi kukuomba jina lake kwa herufi ndogo, chini. Siku ile ungelikubali, ungekuja, ningekuonyesha ukurasa ule kabla chai haijapoa, na leo ungekuwa profesa wa mimea tisa ya kweli.

Nilikwenda mwenyewe Ijumaa iliyopita. Katika ofisi ya kamati alikuwepo mwanamke mmoja mtu mzima, mpole, Jelimo, Mkenya kama wewe. Alivaa miwani akausoma ukurasa wangu, na gauni la Héritière na suti ya mchungaji, polepole, kwa kidole. Kisha akafungua kurasa za mbele. Akaitazama ile mimea tisa mmoja mmoja, akauliza nani amechora. Nikamwambia.

Akaniambia, "Mama, hizi tisa ni safi. Lakini sharti ujue utaratibu. Makala ikiondolewa huondolewa yote, na daftari hubaki hapa kama ushahidi. Kazi hii ya mumeo haitatokea popote tena. Ukilichukua ukaondoka nalo, hatuna cha kumshtaki nacho."

Nikamwuliza kama naweza kukata kurasa za ile mimea tisa nirudi nazo. Akasema daftari lazima liwe zima. Akalisukuma kidogo upande wangu wa meza, akaangalia dirishani ili nisione aibu kuamua. Nilimwona Lambert kabisa. Yeye angelichukua. Angeliweka kwapani, angekuja mpaka ofisini kwako, angekueleza kosa kwa ile sauti yake ya mwalimu, na angekusaidia kulirekebisha.

Nililisukuma kurudi kwake.

Akaniuliza kama nina hakika, nikasema ndiyo. Akaniuliza mara ya pili. Nikasema ndiyo, nikatia saini, nikatoka.

Sikupanda teksi. Nilitembea kwa miguu kurudi mjini. Nilikuwa nimengoja miaka miwili na nusu nione nitajisikiaje siku hiyo, na sitakuficha, Dokta, nilijisikia vizuri. Nilijisikia vizuri sana, mpaka nilipofika roboti ya pili, zile taa za kuongozea magari. Taa ilikuwa nyekundu, ikawa kijani, watu wakavuka, ikawa nyekundu tena, na mimi bado nimesimama pale.

Agnès Mujinga,
mke wa Lambert Kalenga